Lancia Stratos Zero: gari la sentimita 84 na kazi liliyotumwa kufanya

Waliokua enzi za kanda za video huenda waliliona gari hili bila kulijua jina. Katika Moonwalker, filamu ya Michael Jackson ya mwaka 1988, kuna mahali maadui wamemzingira, hana pa kutokea, na mara anageuka gari: gari bapa, lenye pua iliyochongoka, lililolala chini kiasi cha kujiuliza mtu anakaa wapi humo ndani. Ni rahisi kudhani kwamba umbo lile lilibuniwa na mafundi wa sinema. Halikubuniwa na wao. Lilikuwapo tangu mwaka 1970, likiwa na injini na gia zake, na liliwahi kukatiza mitaa ya Turin, mji wa Italia, mchana kweupe. Ni Lancia Stratos Zero, na lilitengenezwa moja tu.

Kinachowachanganya watu ni kwamba kuna gari jingine lenye jina hilohilo. Miaka michache baadaye Lancia, kampuni ya magari ya Italia, walitoa Stratos HF, gari la rali lililoipa kampuni ubingwa wa dunia mara tatu mfululizo na ambalo wapenzi wa Safari Rally wa Kenya waliliona kwa macho yao likipita na vumbi lake. Basi simulizi inayozunguka mitandaoni imekuwa nyepesi: walianza na Zero, wakalirekebisha huku na kule, likawa gari la rali. Ni simulizi tamu, lakini magari haya hayachangii bodi, chasisi wala injini. Undugu wao ni wa kibiashara, na biashara yenyewe haieleweki mpaka mtu ajue karakana za Turin zilikuwa zinaishi kwa kuuza nini.

Zero lilijengwa na karakana ya Bertone, si na Lancia wenyewe. Giovanni Bertone aliifungua karakana hiyo Turin mwaka 1912, akianzia na magari ya kukokotwa na farasi. Magari ya injini yalipoenea, kazi ilikuwapo tele, kwa sababu viwanda vingi vya wakati ule viliuza chasisi: fremu ya chuma yenye injini, magurudumu na usukani. Bodi ilikuwa shauri la mnunuzi. Mwenye fedha zake aliipeleka chasisi kwa fundi, wakakubaliana umbo, rangi na ngozi ya viti, na baada ya muda akaondoka na gari ambalo jirani hana. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mambo yakabadilika. Viwanda vilihamia kwenye bodi inayojibeba yenyewe, ambayo sakafu, nguzo na paa huchomelewa vikawa kitu kimoja. Hapo hakuna tena fremu ya kumpelekea fundi. Karakana nyingi za Italia zilifunga milango.

Zilizopona zilijifunza kuuza vitu viwili. Cha kwanza ni ubunifu, yaani michoro ya gari ambalo kampuni kubwa italitengeneza. Cha pili ni nafasi ya kiwanda, kwa yale magari ambayo kampuni kubwa inataka yawepo lakini idadi yake ni ndogo mno kuisumbulia mitambo yake. Nuccio, mwana wa Giovanni, aliuza vyote viwili. Alfa Romeo Giulietta Sprint ya mwaka 1954 ilimtoa kutoka kuwa fundi wa oda moja moja na kumfanya mwenye kiwanda, na baadaye akajenga kiwanda kikubwa huko Grugliasco, nje kidogo ya Turin. Kiwanda kikubwa kinataka kulishwa. Wafanyakazi wanasubiri mishahara kila mwezi, iwe oda zimekuja au hazijaja, na oda zilikuwa mikononi mwa wakurugenzi wachache sana: wa Fiat, wa Alfa Romeo, wa Lancia, na wengine wa nje ya Italia.

Sasa mkurugenzi wa namna hiyo unamfikiaje? Michoro ya karatasi anayo mpaka imemchosha. Ndipo ukaja umuhimu wa gari la maonesho. Karakana inatengeneza gari zima kwa gharama yake, inalipeleka Turin, Geneva au Paris, na kwa siku kadhaa wapiga picha wa dunia nzima wanalizunguka. Likitokea kwenye kurasa za mbele, simu zinaanza kuita.

Lakini magari ya maonesho si ya aina moja, na hapa ndipo wengi hupotea. Mengine huwa ni gari la kesho lililofunikwa shuka jembamba. Mwaka 1969 Bertone walionesha Autobianchi Runabout, kigari cha wazi kilichofanana na boti ya mbio, na mwaka 1972 wazo lake likatoka kama Fiat X1/9, ambalo kiwanda cha Grugliasco kilijenga bodi zake zaidi ya 150,000. Mengine ni sanamu tupu. Ferrari Modulo ya Pininfarina, karakana nyingine ya Turin, iliyoshangaza Geneva Machi 1970, ilijengwa juu ya chasisi ya kweli ya gari la mbio, lakini wakati ule haikuweza kujiendesha. Iliwashwa na kutembea miongo kadhaa baadaye, baada ya kununuliwa na Mmarekani mmoja mwaka 2014. Zero halimo katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Hakuna aliyekusudia kuliuza dukani, na bado lilipewa injini na kila kinachohitajika ili litembee. Lilikuwa barua ya kuomba kazi, na barua hiyo iliandikiwa mtu mmoja.

Mtu huyo alikuwa Lancia. Kampuni hiyo, iliyoanzishwa na Vincenzo Lancia mwaka 1906, ilikuwa imezoeana na Pininfarina tangu zamani; Vincenzo mwenyewe alimsaidia Battista Farina, mwanzilishi wa Pininfarina, kufungua karakana yake mwaka 1930, na uhusiano wa namna hiyo hauvunjiki kirahisi. Bertone alikuwa na kazi za Alfa Romeo, za Fiat, za Lamborghini, lakini mlango wa Lancia ulikuwa mgumu. Halafu mwaka 1969 mambo mawili yalitokea kwa pamoja. Lancia, ikiwa imezama kwenye madeni, ilichukuliwa na Fiat. Na mwaka huohuo Fiat ikanunua nusu ya hisa za Ferrari. Uongozi mpya ulikuwa unapanga upya kila kitu, na aliyetaka kujipenyeza alijua muda ndio ule.

Tena kulikuwa na pengo la kuliziba. Kikosi cha mbio cha Lancia, kilichoanzishwa na Cesare Fiorio mwaka 1963, kilikuwa kinategemea Fulvia HF, gari dogo la kuvutwa na magurudumu ya mbele. Fulvia lilikuwa jasiri, lakini umri ulikuwa unakwenda, na wapinzani wake, Porsche 911 na Alpine ya Ufaransa, walikuwa na injini nyuma na uzito wao ukikaa juu ya magurudumu yanayosukuma. Nuccio Bertone aliliona hilo. Bila kuagizwa na mtu akaamua kujenga gari lenye jina la Lancia na injini ya Fulvia, lakini injini hiyo ikae mahali ambapo Lancia wenyewe hawakuwa wamewahi kuiweka kwenye gari la kuuza.

Kazi ikampata Marcello Gandini, mbunifu wa Bertone. Alizaliwa Turin mwaka 1938, baba yake akiwa kiongozi wa okestra, na aliingia kwa Bertone mwaka 1965 baada ya mbunifu aliyemtangulia, Giorgetto Giugiaro, kuondoka. Mtu asiyemjua kwa jina anaijua kazi yake: Lamborghini Miura, na baadaye Countach, lile gari la kwenye mabango yaliyobandikwa ukutani na vijana wa dunia nzima. Alifariki Machi 2024. Mwaka 1970 alikuwa na umri wa miaka thelathini na ushee, na alikuwa amezama katika umbo moja tu, kabari: pua ianzie chini kabisa, mstari upande moja kwa moja bila kuvunjika hadi juu ya kichwa cha dereva, kisha gari likatwe kwa ghafla nyuma.

Kulikuwa pia na mashindano yasiyotangazwa ya nani atalala chini zaidi. Ford GT40, lililotamba Le Mans miaka ya 60, lilipata jina lake kutokana na kimo chake cha inchi 40, yaani sentimita 101 na ushee. Mwaka 1968 Gandini akachora Alfa Romeo Carabo, sentimita 99. Pininfarina wakajibu kwa Modulo, sentimita 93.5. Tarehe 28 Oktoba 1970, maonesho ya Turin yalipofunguliwa, Bertone akaliweka jukwaani Stratos Zero: sentimita 84. Urefu wake ni mita 3.58 tu, upana mita 1.87. Kwa vipimo vya sakafuni ni gari dogo. Kwa macho linaonekana pana kupita kiasi kwa sababu hakuna kimo cha kulisawazisha.

Inawezekanaje kuingiza injini, magurudumu na watu wawili ndani ya sentimita 84? Jibu limo ndani ya Fulvia lenyewe. Injini yake ni ya silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V nyembamba sana, na kwenye Fulvia ilifungwa ikiwa imeinamishwa upande kwa nyuzi 45. Injini iliyolazwa hivyo haina kimo kikubwa. Ilikuwa na ujazo wa cc 1,584 na nguvu za farasi 115, ambazo hata wakati ule hazikumtisha mtu, lakini haikuwa kazi yake kutisha. Na kwa kuwa Fulvia ni gari la kuvutwa mbele, injini, klachi na gia vilikuwa tayari mahali pamoja. Mpangilio wa namna hiyo ukiuhamishia nyuma ya viti, magurudumu yaliyokuwa yanavuta yanakuwa ya kusukuma, na umepata gari la injini ya katikati bila kubuni mtambo mpya. Runabout lilitumia akili hiyohiyo mwaka mmoja kabla. Huo ndio utaratibu uliofichwa chini ya lile umbo la kutoka sayari nyingine, na kwa maoni yangu ndio uliowatambulisha Bertone kuliko kabari yenyewe.

Baada ya injini, tatizo la pili ni watu. Katika kimo kile mlango wa ubavuni hauna maana, kwa sababu ungefunguka kwenye nafasi isiyotosha hata goti. Gandini akaifuta milango. Kioo cha mbele ndicho mlango: kimebebwa na bawaba upande wa paa na kinafunguka kwenda juu. Unayetaka kuingia unasimama mbele ya gari, unakanyaga juu ya pua yake, ambapo pametandikwa zulia jeusi la mpira kwa ajili hiyo, unageuka, unajishusha hadi makalio yapate kiti, halafu unanyoosha miguu mbele. Usukani unasukumwa upishe mapaja, kisha unarudishwa. Ndipo unakishusha kioo juu yako. Anayefunga kioo hicho anabaki amelala zaidi kuliko kukaa, miguu yake ikipita katikati ya magurudumu ya mbele, na kioo kikianza karibu na vidole vya miguu na kuishia juu ya utosi. Kwa kuwa kutoka pale huwezi kuona ukingo wa barabara unapokata kona, kuna vidirisha vidogo vya ziada chini ubavuni.

Ndani, viti vimeshonwa kwa miraba minene, na mita za mwendo na injini hazipo mbele ya dereva. Mbele kuna kioo tu, hapana pa kuzifunga. Zimewekwa upande wa kushoto, kwenye kibao cha plastiki ya kijani kilichobanwa kandokando. Taa za mbele ni kumi, zimejipanga kwa mstari mmoja mwembamba kwenye ncha ya pua. Nyuma kuna balbu ndogondogo 84 zilizozungushwa kwenye ukingo wa ule mkato, hata gari likiwasha taa usiku unaona mchoro wa umbo lake. Kifuniko cha injini ni pembetatu ya vibao vilivyopandana, na rangi ya bodi ni ya shaba.

Gharama ya kila kimoja cha vitu hivyo ililipwa na Bertone. Kioo cha aina ile hakiuzwi dukani, bodi inafinyangwa na mafundi kwa nyundo, na ukimaliza huna wa kumuuzia. Ndiyo maana sioni kwamba ni sawa kuliita gari hili ndoto, kama wafanyavyo waandishi wengi wa magari. Mfanyabiashara mwenye kiwanda cha kulisha haoti kwa fedha za namna hiyo. Aliweka dau.

Miezi michache baada ya maonesho, Lancia wakaitikia. Uongozi, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Ugo Gobbato, ulitaka kulizungumzia gari la mbio. Kilichofuata ndicho kisa kinachosimuliwa kila Zero linapotajwa, na Nuccio Bertone mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokisimulia. Hakulipakia gari kwenye lori. Aliingia, akafunga kioo, akaliendesha katikati ya magari ya watu hadi kwenye ofisi za Lancia katika mtaa wa San Paolo. Getini kulikuwa na kizuizi cha kawaida, lile bomba linaloinuliwa na mlinzi akishaandika jina lako. Bertone hakusubiri liinuliwe. Alipita chini yake. Wafanyakazi waliokuwa wanaangalia wakapiga makofi.

Kisa hicho kina raha yake, lakini kinawafanya watu waruke kilichozungumzwa baada ya hapo. Lancia hawakusema watalitengeneza gari lile. Fiorio alihitaji kitu kingine kabisa: gari lililobuniwa kwa ajili ya rali tangu mstari wa kwanza wa mchoro, jambo ambalo hadi wakati huo halikuwa limefanywa, kwani magari ya rali yalikuwa ya kawaida yaliyoimarishwa. Gari la rali linaingia kwenye theluji, matope na mawe. Fundi lazima aifikie injini kwa dakika chache. Dereva na msoma ramani wanapanda na kushuka mara nyingi kwa siku wakiwa na helmeti. Gari la kupandwa kwa kukanyaga pua halifai hapo. Zero lilichowathibitishia ni kwamba Bertone na Gandini wanajua kuiweka injini katikati, wanathubutu, na wanaitaka kazi. Wakapewa kazi.

Gandini akaanza upya. Gari alilolionesha Turin mwaka 1971 kwa jina la Stratos HF lilikuwa na kimo cha mita 1.11, milango miwili ya kawaida yenye mifuko mikubwa ya kuwekea helmeti, kioo cha mbele kilichopinda kuzunguka mbele ya dereva, na vifuniko vya mbele na nyuma vinavyofunguka vyote ili mafundi wajitanue. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ulikuwa mita 2.18 tu, ufupi unaolifanya gari ligeuke kwa wepesi mkubwa na kumwadhibu dereva anayesinzia. Injini nayo haikuwa ya Fulvia tena. Kwa kuwa Fiat ilikuwa na mkono wake Ferrari, ikapatikana injini ya Dino, V6 ya lita 2.4 yenye nguvu za farasi 190 kwa magari ya barabarani. Haikupatikana kirahisi. Ferrari walikuwa na Dino lao la kuuza, na majadiliano yalivutana kwa muda mrefu kabla ya injini kuanza kufika.

Kilichovuka kutoka Zero kwenda Stratos HF basi ni jina, mahali pa injini, mkono wa Gandini na saini ya mkataba. Bodi zilitengenezwa Grugliasco, kama Bertone alivyotaka. Ili gari likubaliwe kushindana katika Kundi la 4, kanuni zilitaka yatengenezwe mamia, na Lancia wakalipatia kibali Oktoba 1974. Mwaka huohuo wakachukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji, wakaurudia 1975 na 1976. Sandro Munari alishinda rali ya Monte Carlo na Stratos miaka mitatu mfululizo, 1975 hadi 1977, na Bernard Darniche akaongeza ushindi mwingine mwaka 1979.

Safari Rally ndiyo iliyowakatalia. Mwaka 1974, Joginder Singh aliposhinda na Mitsubishi Lancer, Munari alikuwa wa tatu na Fulvia, gari la ukoo uleule uliotoa injini ya Zero. Mwaka uliofuata Lancia wakaleta Stratos Kenya, likiwa limeinuliwa, limefungwa vyuma mbele na taa kubwa juu ya paa, sura ambayo mtu aliyeona kabari ya Turin asingeihusisha nayo. Munari akamaliza wa pili na Björn Waldegård wa tatu, nyuma ya Ove Andersson aliyekuja na Peugeot 504, gari ambalo nusu ya madereva wa teksi wa Afrika Mashariki wangelifungua na kulifunga gizani. Mwaka 1976 Stratos zote ziliishia njiani, na Lancer zikachukua nafasi tatu za kwanza, Joginder akiwa mbele. Mwaka 1977 Munari akawa wa tatu. Wafuatiliaji wa zamani hubishana kama ni bahati mbaya tu. Sidhani. Gari fupi lililobuniwa kwa kona za milima ya Ulaya lilikuwa linapelekwa kwenye maelfu ya kilomita ambako kinachoshinda ni kutokuvunjika, na kwa hilo Peugeot na Mitsubishi walikuwa na majibu rahisi zaidi. Lancia walikuja kuishinda Safari mwaka 1988, Miki Biasion akiendesha Delta Integrale, gari lililotokana na hatchback ya familia.

Zero lenyewe lilibaki kwa Bertone. Lilikaa kwenye mkusanyiko wa kampuni pamoja na ndugu zake wa miaka ile, likitoka kwa maonesho na kwa shughuli kama ile ya Michael Jackson, na mwaka 2000 likakarabatiwa. Nuccio alikuwa amefariki mwaka 1997. Kampuni aliyoiacha iliingia kwenye shida ileile aliyoikimbia maisha yake yote: viwanda vikubwa vilianza kujijengea hata magari ya idadi ndogo, na mashine za Grugliasco zikakosa cha kutengeneza. Mwaka 2009 kiwanda kikachukuliwa na Fiat.

Tarehe 21 Mei 2011, kwenye mnada uliofanyika Villa Erba, kando ya Ziwa Como, Bertone wakauza magari sita ya makumbusho yao. Lamborghini Marzal ya mwaka 1967, ambayo Prince Rainier wa Monaco na mkewe Grace waliwahi kuiendesha kufungulia mashindano ya Monaco, ilikwenda kwa euro 1,512,000. Stratos Zero likafuata kwa euro 761,600. Lancia Sibilo, kabari nyingine ya mwaka 1978 ambayo haikuwa na kisa cha geti, ilipata euro 95,200. Ukizipanga bei hizo unaona mnunuzi wa gari la aina moja analipia nini. Chuma ni kilekile, mikono ni ileile ya Grugliasco, lakini Zero linauzwa pamoja na kila kilichotokea baada yake, ubingwa wa rali ukiwamo, ingawa halikushiriki hata mashindano moja.

Uuzaji ule uliwashtua Waitaliano. Bertone ilipofilisika mwaka 2014, wizara ya utamaduni ya Italia ilikuwa imekwisha kuuwekea mkono mkusanyiko uliobaki: usigawanywe, na usitoke nje ya nchi. Kwa masharti hayo wanunuzi wa Marekani, Ghuba na Asia wakaondoka mezani. Mwaka 2015 chama cha magari ya kale cha Italia, ASI, kikanunua vitu vyote 79 kwa pamoja kwa karibu euro milioni 3.4, ambayo ni wastani wa kama euro 43,000 kwa kila kimoja, Miura na Countach zikiwa ndani ya hesabu. Zero halikuwamo. Linamilikiwa na mkusanyaji wa Marekani.